Sauti ya Nat King Cole haikutoka kwenye sigara

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23, naishi Chikongola hapa Mtwara. Kanisani napiga kinanda na kuimba teno, na tangu mwaka jana kila Ijumaa na Jumamosi napiga kwenye hoteli moja kule Shangani. Wageni wanapenda nyimbo za zamani, na mimi nimetokea kumpenda sana Nat King Cole, yule mwimbaji wa jazi wa Marekani, ingawa baba anasema ile siyo jazi, jazi ni Morogoro Jazz. Tatizo ni kwamba sauti yangu ni nyepesi na yake ni nzito. Rafiki yangu alisoma mahali kwamba Cole alikuwa anavuta sigara kadhaa makusudi kabla ya kurekodi ili sauti ishuke. Nikajaribu. Huu ni mwezi wa tatu, navuta sita hadi nane kwa siku. Sauti kweli imeshuka na watu wamenisifia. Ila asubuhi inakwaruza, nakohoa kidogo, noti za juu za kwaya zimenikimbia, na sasa karibu miezi miwili sauti haijawahi kukaa sawa. Mama ananipa tangawizi na asali. Jambo la pili: meneja anataka niache kinanda, nisimame na maiki, yeye anipigie muziki wa kwenye kompyuta. Anasema hata Cole alitajirika alipoachana na piano. Ni kweli? Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu, kwa sababu ina maswali mawili, na la kwanza limenitisha. Basi nianze nalo. Sauti iliyokwaruza kwa karibu miezi miwili, kwa mtu aliyeanza kuvuta sigara, haitibiwi kwa barua wala kwa tangawizi. Wiki hii hii nenda ukaonwe na daktari. Hospitali gani na useme nini, nitakueleza hapo mbele. Kwa sasa lishike hilo, kisha endelea kusoma.

Rafiki yako hakukudanganya. Nat King Cole alikuwa mvutaji mkubwa, hutajwa kufikia pakiti tatu kwa siku, na aliamini kwamba akivuta kadhaa mfululizo kabla ya kurekodi sauti yake hupata uzito. Lakini alikusomea nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba Desemba 1964 madaktari walimkuta na saratani ya mapafu, na tarehe 15 Februari 1965 akafariki Santa Monica, California. Alikuwa amezaliwa tarehe 17 Machi 1919, kwa hiyo hakuifikia siku ya kutimiza miaka 46. Binti yake Natalie, ambaye naye alikuja kuwa mwimbaji mkubwa, ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka 15. Watoto wake mapacha, wa mwisho kuzaliwa, walikuwa na miaka mitatu. Hayo nayo yangesomwa kwa sauti siku ile mlipokaa na simu.

Na kwamba Cole mwenyewe aliamini hivyo hakufanyi jambo liwe kweli. Nimefundisha kwaya kwa miaka mingi, na waimbaji wazuri niliowafundisha, karibu wote, walikuwa na imani fulani kuhusu makoo yao: mmoja hali pilipili siku ya misa, mwingine hanywi maji baridi kuanzia Alhamisi. Mtu anaweza kukitumia chombo vizuri sana bila kujua kinafanyaje kazi ndani.

Sasa tuingie ndani. Nyuzi za sauti si nyuzi kama za gitaa. Ni mikunjo miwili midogo ya nyama laini, imelala ndani ya zoloto, hapo unapopagusa ukimeza mate pakapanda. Ukiimba, mikunjo hiyo hukutana, pumzi inaisukuma kutoka chini, nayo hutetemeka. Mwanaume akiongea tu kawaida, inagongana zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja. Hebu fikiria kazi hiyo kwa saa tatu za Jumamosi usiku. Juu ya mikunjo kuna ngozi nyembamba mno, na chini ya ngozi hiyo kuna nafasi laini inayoiacha iteleze. Moshi wa sigara unapopita hapo kila siku, ngozi ile inaudhika, na chini yake majimaji yanaanza kujaa. Mkunjo uliovimba ni mzito. Kizito hutetemeka polepole. Na mtetemo wa polepole masikioni mwetu ni sauti ya chini.

Bila shaka umekwenda kwenye ngoma kijijini, iwe Newala au hapa hapa pembezoni mwa mji. Umewaona wapigaji wanavyowasha moto wa nyasi kabla ya kuanza na kuzipasha ngoma, wanazigeuzageuza, wanagonga kwa kidole, wanasikiliza, wanarudisha tena motoni. Ngozi ikishika unyevu wa masika mlio wake hushuka na kuwa bubu. Hakuna mpigaji atakayekuambia kwamba ngoma hiyo imeboreka kwa sababu sasa inaunguruma. Anajua imelowa. Ndivyo koo lako lilivyo leo, mwanangu. Sauti yako haijakomaa, imelowa.

Ndiyo maana zile noti za juu zimekimbia. Kupanda juu kunataka mkunjo unyooke, ukaze na uwe mwembamba, na kilichovimba hakikazi. Huko kukwaruza kwa asubuhi na kikohozi navyo vina sababu. Njia yako ya hewa imepandwa vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho, kazi yake ni kufagia makohozi na vumbi kuelekea juu. Moshi huvilemaza. Uchafu unalala palepale usiku kucha, asubuhi mwili unautoa kwa kukohoa, na kila ukikohoa mikunjo ile iliyovimba inabamizana kwa nguvu. Mpaka ufike kwenye kinanda saa mbili usiku, umeshaichosha siku nzima.

Tangawizi ya mama ninaiheshimu, na asali hulainisha koo na kutuliza kikohozi, kwa hiyo mwambie asiache kukuandalia. Lakini jua kwamba unachokimeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti. Kingepita hapo ungepaliwa. Kinashuka kwa mlango wa nyuma, njia ya chakula. Nyuzi za sauti zinanyweshwa na mwili mzima kutoka ndani, kwa maji unayokunywa tangu asubuhi, si kwa kikombe kimoja dakika tano kabla ya kupanda jukwaani.

Kuna jambo hukuligusa, nami naliuliza kwa sababu tunaishi Mtwara: nyumbani mnabangua korosho? Korosho zikikaangwa na maganda yake, yale mafuta ya ganda yanayobabua vidole huwa yanatoka pia na moshi, na moshi ule ni mkali kuliko wa kuni. Kama ni kazi ya nyumbani, kipindi hiki waombe wenzako wakusaidie, wewe uchukue kazi nyingine.

Twende kwa daktari. Kwa wewe uliye mjini, anzia Hospitali ya Mkoa ya Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Msomaji mwingine mwenye tatizo kama lako aliye Lindi anaweza kuanzia Sokoine. Aliye Masasi ana Ndanda. Waambie unamtaka daktari wa masikio, pua na koo, na uliza siku zake kabla hujapoteza nauli. Usiseme tu "koo linauma". Sema: "Naimba, nimevuta sigara miezi mitatu, sauti imekwaruza karibu miezi miwili haijarudi." Kipimo chenyewe ni kamera ndogo inayopitishwa puani au mdomoni kuziangalia nyuzi. Hakifurahishi, ila ni cha muda mfupi. Sauti inayokwaruza zaidi ya wiki tatu bila mafua ya kueleweka inatakiwa kuangaliwa, ya nani na ya umri wowote. Kikohozi kikiwa kimepita wiki mbili, wapime na kifua kikuu. Usione haya, kipimo hicho ni cha kila mtu. Na ukiona damu kwenye makohozi, ukimeza kwa shida, ukipumua kwa mlio, sikio la upande mmoja likiuma au uvimbe ukitokea shingoni, usingoje siku ya daktari wa koo, nenda siku hiyo hiyo.

Sikuelezi haya ili uogope. Una miaka 23, umevuta miezi mitatu, na mara nyingi uvimbe wa namna hii hupungua mtu akiacha, ndani ya wiki au miezi. Atakayekwambia la kwako ni lipi ni yule aliyekuangalia ndani. Ila kuacha usisubiri majibu. Siku za kwanza chache ndizo ngumu, utakuwa na hasira na usingizi utaharibika. Huo ni mwili unadai nikotini yake, unapita. Na omba ruhusa hotelini, walau wiki mbili usiimbe. Kinanda piga. Usinong'one pia, kunong'ona kunazibana nyuzi kuliko kuongea taratibu.

Sasa nije kwa huyu mtu uliyempenda, maana ukimjua vizuri hutahitaji moshi wake.

Jina lake halisi ni Nathaniel Adams Coles. Alizaliwa Montgomery, Alabama, na bado akiwa mdogo familia ilihamia Chicago, ambako baba yake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. Mama yake, Perlina, ndiye aliyepiga kinanda kanisani, na ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Unaona? Ni mtoto wa kanisani kama wewe, amekua ameketi pembeni ya kinanda cha mama akiangalia vidole. Alipofika miaka 12 hivi akaanza masomo rasmi, akapiga kazi za watunzi wa Ulaya kama Bach na Rachmaninoff pamoja na nyimbo za kanisa, na usiku masikio yake yalikuwa kwa Earl Hines, mpiga piano aliyetikisa Chicago wakati ule. Mwaka 1936 akarekodi kwa mara ya kwanza, katika bendi ya kaka yake Eddie. Akaondoka na kundi la maonyesho ya jukwaani, kundi likavunjika likiwa California mwaka 1937, naye akabaki huko akipiga piano kwenye vilabu kwa malipo ya kula.

Huko ndiko alikounda kundi la watu watatu: yeye kwenye piano, Oscar Moore kwenye gitaa, Wesley Prince kwenye besi. Dramu hakuna. Wakati bendi kubwa zilikuwa na watu 15 na zaidi, hawa watatu walikaa karibu, kila mmoja akisikiliza pumzi ya mwenzake. Wapiga piano wakubwa, Oscar Peterson akiwa mmoja wao, waliufuata mpangilio ule. Naomba ulikumbuke jambo hili kila unapobonyeza kile kitufe cha biti kwenye kinanda chako.

Kwa miaka kadhaa alijulikana kama mpiga piano ambaye mara mojamoja huimba. Utasikia hadithi ya mlevi aliyemlazimisha kuimba "Sweet Lorraine" na papo hapo mwimbaji akazaliwa. Mwenyewe alikuja kueleza kwamba mambo hayakuwa hivyo hasa, aliiacha hadithi itembee kwa sababu ilipendeza. Aliimba ili kubadilisha ladha katikati ya nyimbo za vyombo vitupu. Watu wakaomba tena.

Hapa ndipo penye siri unayoitafuta. Sikiliza tena wimbo wowote wa kundi lile la watatu, lakini safari hii usiisikilize sauti, sikiliza pale inaponyamaza. Anaimba mstari mfupi, kama anaongea. Ananyamaza. Piano inajibu kwa noti tatu au nne, haijazi, inajibu tu, kama kwaya inavyomwitikia anayeongoza. Kisha anaingia tena, na hachelewi wala hawahi, kwa sababu aliyejibu ni yeye mwenyewe. Sauti yake inasikika imetulia kwa kuwa imepumzika kila baada ya mstari. Haibebi wimbo peke yake. Uzito unaousikia, sehemu kubwa ni utulivu huo. Kwingine ni maumbile, alikuwa na sauti ya kati iliyoegemea chini, Mungu alimpa. Na kwingine ni maiki. Waimbaji waliomtangulia, kama Bing Crosby, walishaanza kuimba taratibu karibu kabisa na maiki, naye akaimba hivyo, na maiki ikisogelewa mdomo huongeza besi. Hata sauti yako ya teno, ukisogea kama upana wa vidole vinne na ukapunguza nguvu, itanenepa bila tone la moshi.

Halafu kuna matamshi. Kila neno lake linafika likiwa zima. Mwaka 1958 alitoa albamu nzima ya Kihispania, na hakukijua Kihispania. Aliyakariri maneno kwa sauti zake, silabi kwa silabi. Wewe unaimba Kiingereza kwa wageni na lugha yako ina irabu tano safi kabisa. Zitumie. Kaa kwenye irabu, ipite konsonanti haraka. Waimbaji wengine wanalipia mafunzo miaka mingi kupata irabu ambazo sisi tumenyonya na maziwa.

Kuhusu udhaifu wa sauti nyepesi, ondoa wazo hilo. Hakuna sauti nyepesi, kuna wimbo uliowekwa pasipo pake. Unachofanya sasa ni kuimba kwenye ufunguo wa Cole, yaani kwenye kimo cha sauti alichokichagua yeye, ndiyo maana noti zake za chini zinakutoroka. Pandisha ufunguo noti mbili au tatu, mpaka ile noti ya chini kabisa ya wimbo iwe ni noti unayoweza kuisema kwa mazungumzo bila kujilazimisha. Kinanda chako kina kitufe cha kuhamisha ufunguo. Mwanzoni kitumie, ila jifunze kuhamisha kwa vidole, kwa sababu ndiko kunakokufundisha kodi, yaani zile noti zinazopigwa kwa pamoja. Ray Charles, ambaye naye alipiga piano na kuimba, alianza kwa kumuiga Cole kabisa kabisa na alikiri hivyo. Kuiga siyo kosa. Alijulikana dunia nzima siku alipoiacha sauti ya mwenzake na kurudisha ile ya kanisani kwao.

Baba yako usibishane naye, ana haki yake. Kwetu neno hilo lilikuja kuwa jina la bendi za dansi: Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Western Jazz mwaka 1959, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe kila mtu wa rika la baba anaijua. Ule ni muziki wa dansi, magitaa yanasuka, watu wanacheza. Jazi ya Cole ni ya Wamarekani weusi, moyo wake ni kubuni papo hapo juu ya kodi za wimbo. Majina yamegongana tu. Mwombe baba akuimbie anazozikumbuka, utapata nyimbo za kupiga Shangani ambazo mgeni hajawahi kuzisikia.

Sasa meneja wako. Alichosema kina ukweli ndani yake, na sitakuficha. Cole alipata fedha na umaarufu mkubwa zaidi aliposimama mbele ya okestra. "Nature Boy" mwaka 1948, "Mona Lisa" mwaka 1950, nyimbo hizi zilimfikisha kila nyumba. Kampuni iliyotoa rekodi zake, Capitol, ilipojenga jengo lake la duara Hollywood mwaka 1956, watu waliliita nyumba iliyojengwa na Nat.

Lakini meneja ameruka mambo. Kwanza, kabla ya kusimama, Cole alikaa kwenye kiti cha piano miaka zaidi ya kumi, kila usiku, na masikio yale aliyoyapata pale ndiyo aliyosimama nayo. Pili, hakuachana na piano. Mwaka huo huo wa 1956 alirudi na watu wachache studio, akapiga na kuimba albamu ya "After Midnight", na ukiniuliza mimi, katika kazi zake zote hiyo ndiyo ningekupa ya kwanza. Tatu, kusimama mbele kulikuwa na mzigo wake kwa mtu mweusi wa Marekani ya wakati ule. Aprili 1956 wanaume wazungu walimvamia jukwaani Birmingham, katika jimbo lile lile alikozaliwa, wakamwangusha. Novemba akapewa kipindi chake cha televisheni cha taifa. Mwaka mmoja na mwezi baadaye kikafa, kwa sababu hakuna kampuni kubwa iliyokubali kukidhamini nchi nzima. Mtu huyo hakuvuka kwenda kwenye raha kwa kuliacha benchi la piano.

Na nne, ambalo kwako ndilo kubwa: okestra ya watu siyo kompyuta. Watu wanakuangalia, ukivuta pumzi ndefu wanakungoja. Muziki wa kompyuta haungoji. Ukikohoa unakupita. Ukitaka kushusha ufunguo katikati ya usiku kwa sababu koo limechoka, haushuki. Kwa mtu ambaye sauti yake inapona, kinanda ni fimbo ya kuegemea. Nisingekushauri uitupe mwaka huu.

Hata hivyo kusimama kuna faida. Unapoketi umejikunja juu ya kinanda tumbo linabanwa na pumzi inakuwa fupi. Ukisimama unamwona msikilizaji na unajifunza kuishika maiki. Kwa hiyo mpe meneja nusu. Koo likishapona, kila usiku simama kwa nyimbo mbili au tatu, na badala ya kompyuta mtafute kijana mmoja wa gitaa, malipo mkubaliane mapema. Nyingine zote kaa. Mkumbushe pia Nina Simone, mpiga piano na mwimbaji wa Marekani: mwaka 1954 alipata kazi ya kupiga piano kwenye baa moja ya Atlantic City, mwenye baa akamwambia bila kuimba hakuna kazi. Akaimba, na piano hakuiacha. Mwenye ukumbi anajua anachouza usiku wa leo. Wewe unatazama miaka thelathini.

Lingine la fedha, kwa ufupi. Wimbo wa kwanza mkubwa wa Cole, "Straighten Up and Fly Right", ulitoka kwenye hadithi ambayo baba yake aliitumia kwenye mahubiri: tumbusi anawabeba wanyama mgongoni, anawaangusha na kuwala, mpaka alipombeba tumbili naye tumbili akamkaba shingo kwa mkia. Ni hadithi ambayo bibi yako angeweza kuisimulia usiku wowote. Cole aliiuza haki ya wimbo ule kwa dola 50. Ukatoka mwaka 1944 ukauza nakala zaidi ya nusu milioni. Siku utakapotunga wa kwako, peleka kwanza COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukasajiliwe, na usitie sahihi karatasi ya hotelini kabla mtu mwingine hajaisoma na wewe.

Wiki hizi mbili za kimya zifanyie kazi hii. Zima biti. Chukua wimbo mmoja tu, unaoujua hata ukiwa usingizini, uwe hata tenzi ya kanisani. Mkono wa kushoto upige noti mbili tu za kila kodi, ya tatu na ya saba ukihesabu kutoka noti ya msingi, basi. Besi ya chini iache, utaizoea nafasi iliyo wazi. Mstari uupite moyoni bila sauti, midomo imefungwa, mikono imetulia. Mstari ukiisha, mkono wa kulia ujibu kwa noti tatu, zisizidi. Jirekodi kwa simu, sikiliza kesho yake asubuhi, si usiku ule ule. Mwanafunzi mmoja wa Mikindani nilimfundisha hivi kwenye kinanda chenye noti mbili zilizokwama kwa chumvi ya bahari. Alipata tabu siku tisa, ya kumi mkono ukaanza kujibu wenyewe, akacheka kwa sauti katikati ya wimbo. (Na chako ukifunike na kanga kila ukimaliza. Upepo wa Shangani unakula vinanda.)

Daktari akikuruhusu kuimba, anza kwa dakika kumi kwa siku, sauti ya mazungumzo, maiki ikiwa karibu. Usishindane na kelele za ukumbi. Waombe spika moja ielekee kwako ujisikie. Teno ya kwaya isubiri, mwambie mwalimu wako wa kwaya ukweli, atakuelewa. Niandikie alichokiona daktari, neno kwa neno kama utaweza, na jina la wimbo uliouchagua, pamoja na ufunguo wake.